Cheo cha Mfalme Hupita, Jina la Baba Hubaki



Katika mtaa wetu wa juu hapa Uru, penye migomba na mikahawa na mifongo iteremkayo kutoka mlimani, alifariki mwaka jana mzee mmoja ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka tisini. Baba yake alikuwa mchili, yaani mkuu wa mtaa chini ya Mangi, katika zama za Waingereza. Yeye mwenyewe hakutawazwa hata siku moja, hakuwa na baraza wala askari, wala hakukusanya kodi ya mtu. Lakini kwa ajili ya heshima ya baba yake, na kwa ajili ya busara zake katika kusuluhisha watu, tangu alipoota mvi majirani wote walimwita Mangi, na mkewe wakamwita Mama Mangi.

Kabla matanga hayajaanuliwa, watoto wake wawili wakashikana maneno. Mkubwa alisema, “Mimi ndimi mzaliwa wa kwanza, tangu leo Mangi ni mimi.” Mdogo naye akajibu, “Mimi ndiye niliyebaki katika kihamba na kumwuguza baba, na nyumba yake ameniachia mimi. Jina lake halitatoka ndani ya nyumba.” Jambo likazidi kuwa zito mke wa yule mkubwa alipotaka aitwe Mama Mangi, hali ya kuwa mjane wa marehemu angali hai, ameketi jikoni na kusikia kila neno. Hata ikafika hadi ndugu hao wawili wakawa hawasalimiani, na siku ya zamu ya maji mmoja akaufunga mfongo wa mwenziwe. Yule mama akaacha kula chakula cha nyumba zote mbili, asije akaambiwa kuwa amependelea.

Wazee wakachagua watu watatu wa kuwapatanisha, na mimi nikawa mmojawapo. Familia ile ni ya Wakristo, nami ni mwalimu wa madrasa. Lakini ujirani una haki yake, na huenda walinitaka kwa kuwa sina ukoo na upande wowote. Nilipokwenda nyumbani nilijiuliza: je, cheo cha mtawala huenda wapi mwenyewe anapokufa? Anapojiuzulu je? Na mwanamke akiolewa na mwenye cheo, hupata nini, na akifiwa hupoteza nini? Nikayatafuta majibu katika habari za mlima wetu huu, na za Unguja, na za mataifa ya mbali. Hayo niliyoyapata ndiyo ninayowaletea, kwani naona kuwa vijana wetu wengi huyasikia majina haya ya kifalme lakini hawajui maana zake.

MLIMANI: MANGI, SULTANI, CHIFU

Zamani hapakuwako mangi mmoja wa Wachagga wote. Kila nchi ndogo ya mlima, kama Machame, Kibosho, Uru, Moshi ya Kale, Marangu na nyinginezo, ilikuwa na mangi wake, na mipaka yao mara nyingi ilikuwa ni makorongo na mito. Neno lilikuwa moja, lakini uzito wake ulitegemea nguvu za mwenye kuitwa. Rindi wa Moshi, ambaye watu wa misafara ya pwani walimwita Mandara, alikuwa mangi. Na mkuu wa kinchi kidogo kisichokuwa na mashujaa hata mia naye aliitwa mangi vile vile.

Mwaka 1885 mlima wetu ulitafutwa na bendera mbili kwa mara moja. Sayyid Barghash wa Unguja alimtuma Jemadari Mathews, naye akapata kwa wamangi hati za kukiri kuwa wako chini ya Unguja. Haikupita muda, akaja Mjerumani Jühlke, na Rindi akatia mkono hati ya Wajerumani. Tangu hapo wageni wakaanza kuwapa wamangi majina ya kigeni. Wajerumani katika barua zao waliwaandika “Sultani”. Sultani Mandara, Sultani Meli, ingawa hapana mtu wa mlimani aliyekuwa amejiita hivyo. Waingereza walipokuja waliwaita “Chifu”. Basi cheo kile kile, katika umri wa mtu mmoja, kiliitwa kwa majina matatu, na kila jina lilikuja na mtu mwenye bunduki.

Tena jina hilo kubwa la Sultani halikumkinga mtu. Rindi alifariki mwaka 1891, na mwanawe Meli akashika mahali pake. Meli aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, wakamshinda yeye mwaka 1893, na tarehe 2 Machi 1900 wakamtundika pamoja na wakuu wengine wa nchi hizi. Marealle wa Marangu, ambaye Wajerumani walimkuza juu ya wengine, naye ilimbidi kuikimbia nchi yake mwaka 1904. Huyo aliyepewa ukubwa na wageni hakuweza kuulinda bila ya ridhaa yao.

Katika mwaka 1946 Waingereza walizigawa nchi za wamangi katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, na juu ya kila sehemu wakaweka mkuu aliyeitwa Mangi Mwitori. Abdiel Shangali wa Machame alishika Hai, Petro Itosi Marealle alishika Vunjo, na John Maruma alishika Rombo. Wamangi wa chini yao walibaki na jina lao lakini nguvu zao zilipungua. Huu ni mfano wa kwanza wa kuzingatiwa: cheo chaweza kubaki na herufi zake zote, na huku mamlaka yametolewa ndani yake kama maziwa yanavyotolewa katika kibuyu.

Kisha mwaka 1951 Wachagga walimchagua kwa kura Thomas Marealle, mjukuu wa yule Mangi Marealle wa Marangu, naye akatawazwa Januari 1952 kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote. Hili lilikuwa jambo jipya kabisa: jina la urithi limepatikana kwa kura. Na lililopatikana kwa kura likaondoka kwa kura, kwani mwaka 1960 wengi walichagua kuwa na mkuu wa kuchaguliwa kwa muda badala ya Mangi Mkuu. Solomon Eliufoo akashika uongozi, na jina lake likawa Rais wa Wachagga. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, serikali iliufuta uchifu katika Tanganyika nzima. Hata hivyo watu wengi walizidi kumwita Thomas Marealle kwa jina la Mangi Mkuu mpaka alipofariki mwaka 2007. Si kwa sheria, bali kwa adabu tu.

Wala haikuwa kwamba wote waliokuwa na damu ya utawala waliachwa bila kazi. Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe, akawa Spika wa Bunge. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, akawa Waziri. Na Julius Nyerere, ambaye baba yake Nyerere Burito alikuwa chifu wa Wazanaki, hakutaka kuitwa kwa jina la baba yake la utawala. Alipendelea kuitwa Mwalimu, jina alilolipata kwa chaki na ubao.

UNGUJA: IMAMU, SAYYID, SULTANI

Sasa natuangalie Unguja, kwani watawala wake ndio waliojulikana zaidi na babu zetu Waislamu wa pwani na bara.

Ukoo wa Albusaidi ulianza kutawala Oman kwa cheo cha Imamu. Ahmad bin Said alichaguliwa kuwa Imamu katikati ya karne ya kumi na nane, na baada yake mwanawe Said bin Ahmad. Kwa Waibadhi uimamu si mali ya kurithiwa. Asili yake ni kuchaguliwa na wenye elimu na wakubwa wa watu. Katika miaka ya 1780 jambo la ajabu likatukia. Hamad, mtoto wa Imamu Said, alizishika nguvu zote Maskati, na baba yake akabaki Rustaq na jina lake la Imamu. Mwana alikuwa na hazina na majahazi na askari, na baba alikuwa na jina. Kwa kuwa Imamu angaliko, Hamad hakuweza kujiita Imamu. Aliitwa Sayyid, na jina hilo wakalishika watawala wote waliomfuata.

Hapa pana mambo mawili yanayowakosesha watu wengi. La kwanza ni kwamba Sayyid ya Albusaidi si sawa na Sharifu au Sayyid ya Masharifu wa Hadhramaut, ambao nasaba yao yafika kwa Mtume wetu, Sala na Amani zimshukie. Kwa Albusaidi neno hilo ni heshima ya watoto wa nyumba ya utawala, yaani “bwana”. La pili ni kwamba Sayyid Said bin Sultan, aliyeuhamishia utawala wake Unguja, “Sultan” katika jina lake ni jina la baba yake, Sultan bin Ahmad, wala si cheo. Cheo cha Sultani kiliingia zaidi kwa njia ya mikataba na mataifa ya Ulaya, waliotaka kuandika neno linalofahamika kwao.

Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36 waliokuwa hai. Thuwaini akashika Maskati, na Majid akashika Unguja. Ugomvi wao ukamalizwa mwaka 1861 kwa hukumu ya Mwingereza mkuu wa Uhindi, Lord Canning, kuwa nchi ziwe mbili, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Basi ndugu wawili wakawa watawala wawili, na cheo kimoja kikazaa viwili.

Wala Sayyid Said hakuikuta Unguja bila mwenyewe. Alikuwako Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji, aliyekuwa na jumba lake Dunga. Aliachiwa heshima na jina na sehemu ya kodi, lakini amri ilikuwa kwa Sayyid. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad alifariki mwaka 1865, na mwanawe Ahmad akafariki mwaka 1873, na hapo cheo chenyewe kikafa. Hakikufutwa kwa barua wala kwa mizinga, ila hapakuwa tena na mtu wa kukivaa.

NDOA HUMPA MWANAMKE NINI?

Katika Uingereza, mwanamke akiolewa na mfalme huwa malkia; lakini mwanamume akimwoa malkia hawi mfalme. Philip alikuwa mume wa Malkia Elizabeth kwa zaidi ya miaka sabini, na hakuitwa mfalme hata siku moja. Camilla alipoolewa mwaka 2005 aliitwa Duchess wa Cornwall. Mumewe Charles aliporithi mwaka 2022 akawa Malkia. Naye Diana, alipoachwa mwaka 1996, aliondolewa ile lakabu ya utukufu wa kifalme aliyoipata kwa ndoa. Kilichokuja na ndoa kilikwenda na talaka.

Unguja haikuwa hivyo. Binti wa Sayyid alizaliwa Sayyida, na alibaki Sayyida aolewe na nani. Mwanamke wa ukoo mwingine akiolewa na Sultani aliheshimiwa sana na kuitwa Bibi, lakini nasaba yake ilibaki ya baba yake. Kwa upande wa watoto, mtoto humfuata baba. Ndiyo maana watoto wa Sayyid Said, ingawa mama zao walikuwa masuria wa makabila mbali mbali, wote walikuwa Masayyid na Masayyida sawasawa. Mkewe mkubwa, Bi Azza bint Seif, alikuwa wa damu ya utawala na amri yake katika jumba ilikuwa nzito, lakini hakuzaa. Na Majid, Barghash, Khalifa na Ali, waliotawala Unguja mmoja baada ya mmoja, wote walikuwa wana wa masuria.

Habari ya Sayyida Salme yaonyesha ndoa iliyobadili kila kitu. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, binti wa Sayyid Said. Mwaka 1866 alitoroka Unguja, na mwaka uliofuata huko Aden akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akaitwa Emily Ruete. Aliiacha dini yake, na nchi yake, na jina lake, na ndugu zake wakamkata. Mumewe akafariki mwaka 1870 na kumwachia watoto wadogo katika nchi ya baridi. Aliporudi kuiona Unguja mwaka 1885 na mwaka 1888, ndugu zake waliotawala hawakumpokea wala hawakumpa urithi alioudai. Lakini kitabu alichokitoa mwaka 1886 alikiita kumbukumbu za binti mfalme wa Kiarabu. Yaani jina aliloliacha mwenyewe ndilo alilolishika mwishoni, kwa kuwa la baba halikufutika. Alifariki Ujerumani mwaka 1924. Hatumhukumu, kwani hukumu ni ya Mola wake. Lakini kila binti anayesoma na apime uzito wa alivyovitoa na alivyovipata.

Sisi Waislamu tunayo adabu yetu katika jambo hili, nayo ni nzuri. Mwanamke wetu akiolewa habadili jina la baba yake. Bibi Khadija alibaki bint Khuwaylid, na Bibi Aisha alibaki bint Abu Bakr, Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao. Kwa kuolewa na Mtume walipata heshima ambayo haiko juu yake heshima ya malkia yeyote: kuwa Mama wa Waumini. Heshima hiyo haikuondoka kwa kufiwa, bali walikaa nayo mpaka kufa kwao. Nayo haikuja na jumba wala taji. Ilikuja na wajibu wa kuwafundisha watu dini.

WANAOVUA TAJI WAKIWA HAI

Kujiuzulu ni jambo gumu, kwani aliyekuwa mfalme hawezi kugeuka kuwa mtu tu siku ya pili, na tena haifai nchi kuwa na wafalme wawili.

Sultani Ali bin Hamud wa Unguja alikwenda Ulaya mwaka 1911 kwa kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano, na hakurudi. Desemba mwaka ule akajiuzulu, na akafariki Ufaransa mwaka 1918. Mahali pake akashika Khalifa bin Harub. Huyu hakuwa mwanawe wala ndugu yake wa baba mmoja. Sayyid Said alikuwa baba wa babu zao wote wawili. Tena Khalifa alikuwa shemeji yake, kwa kuwa alikuwa amemwoa Sayyida Matuka bint Hamud, dada yake Ali. Sayyida Matuka basi alikuwa binti wa Sultani, na dada wa Sultani, kisha akawa mke wa Sultani. Na katika hali zote tatu jina lake lilikuwa moja, Sayyida Matuka bint Hamud. Sayyid Khalifa alikaa katika enzi karibu miaka 49, mpaka 1960.

Miaka ishirini na mitano baada ya Sultani Ali, Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza naye alijiuzulu, Desemba 1936, ili amwoe mwanamke aliyekwisha kuachwa mara mbili. Hakuwa amemaliza mwaka katika enzi. Akapewa jina la Duke wa Windsor, na mkewe akaitwa Duchess, lakini yeye akanyimwa lakabu ya utukufu wa kifalme, na jambo hilo likamuuma mumewe maisha yake yote. Ndugu yake Albert alipokishika kiti alibadili hata jina, akaitwa George wa Sita.

Nchi nyingine zina desturi zao. Malkia Beatrix wa Uholanzi alipomwachia mwanawe kiti mwaka 2013 alirudia jina la binti mfalme. Margrethe wa Denmark alijiuzulu Januari 2024, lakini yeye ameachiwa jina la Malkia. Wajapani, mfalme wao Akihito alipojiuzulu mwaka 2019, walimpa cheo mbali cha mfalme aliyestaafu, kiitwacho Joko, ili asichanganywe na mwanawe.

Lakini katika kujiuzulu kote nilikokusoma, sikuona kulikotukuka kuliko kwa Sayyidna Hasan bin Ali, Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Katika mwaka wa 41 wa Hijra (661), alipoona kuwa majeshi mawili ya Waislamu yatauana, alimwachia Muawiya ukhalifa kwa kuhurumia damu za watu. Hakufukuzwa na mizinga wala hakufuata mwanamke. Aliacha jina la Amirul Muuminina, na heshima yake kwa umma haikupungua hata chembe, kwa sababu haikuwa imejengwa juu ya kiti.

KURITHI NA KUDAI KURITHI

Kurithi enzi si kuingia katika nyumba tu na kukaa. Sultani Hamad bin Thuwaini wa Unguja alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash aliingia katika jumba na kujitangaza mtawala. Waingereza walimtaka Hamud bin Muhammad. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zikapiga jumba kwa muda usiofika saa moja, na watu mamia wakauawa. Khalid akakimbilia ubalozi wa Wajerumani, kisha Dar es Salaam. Waingereza wakamkamata mwaka 1916 na kumpeleka visiwani uhamishoni, na akafariki Mombasa mwaka 1927. Siku mbili za cheo zilimgharimu miaka thelathini.

Baganda, ndugu zetu wa Uganda, wao wameligawa jambo hili vizuri. Mwana wa Kabaka huwa Ssabataka, mkuu wa koo, kabla hajatawazwa Kabaka. Ndivyo alivyokuwa Ronald Mutebi kabla ya kutawazwa tarehe 31 Julai 1993. Mkewe ni Nnabagereka, na Sylvia Nagginda aliipata heshima hiyo kwa ndoa mwaka 1999. Lakini mama wa Kabaka ana cheo chake mwenyewe, Namasole, ambacho mke hawezi kukichukua. Vivyo hivyo Waingereza, Elizabeth alipopata habari ya kifo cha baba yake tarehe 6 Februari 1952, alikuwa Kenya, upande wa Nyeri, amelala usiku ule katika nyumba iliyojengwa juu ya mti. Yeye akawa Malkia. Mama yake hakunyang'anywa jina la malkia, bali aliitwa Malkia Mama, na akakaa nalo mpaka kufa kwake mwaka 2002.

Na Sultani wa mwisho wa Unguja, Jamshid bin Abdullah, alirithi tarehe 1 Julai 1963, akawa mkuu wa dola huru Desemba 10, na mapinduzi ya Januari 12, 1964 yakamwondoa. Aliishi Uingereza zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 2020 aliruhusiwa kurudi Oman, lakini kama mtu wa ukoo, si kama Sultani; na huko akafariki tarehe 30 Desemba 2024. Alikwenda kuzikwa na jina la baba yake, nalo halikuhitaji ruhusa ya serikali yoyote.

YALIYOKUWA UWANJANI KWETU

Siku ya baraza tuliketi chini ya mti, na wale ndugu wawili wakakaa kila mmoja pembeni mwake. Nilipopewa nafasi nikasema machache katika haya niliyoyaandika. Nikawaambia kwamba sheria yetu ya mirathi inajua kugawa shamba na ng'ombe na fedha, kila mtu na fungu lake. Lakini haina fungu la cheo, kwani cheo si mali ya maiti. Nikawakumbusha kuwa Sayyidna Umar bin Khattab, alipokuwa karibu na kufa, alimweka mwanawe Abdullah katika baraza la kushauri, lakini alikataza asichaguliwe kuwa Khalifa. Nikasema pia kuwa Umar mwenyewe mwanzo aliitwa Khalifa wa Khalifa wa Mtume, na watu wakaona kuwa kila atakayekuja litaongezeka neno, hata jina litakuwa refu kuliko mtu. Ndipo akaitwa Amirul Muuminina. “Nanyi,” nikasema, “mnagombea jina ambalo serikali ililifuta mwaka 1963, na ambalo baba yenu hakupewa na serikali wala na ukoo. Alipewa na majirani. Majirani hawajafa, wangoje wao.”

Mmoja wa wajukuu, kijana mwenye duka Dar es Salaam, akainua mkono. Akasema, “Wazee wangu, mimi kila siku naitwa Mangi na watoto wanaotumwa kununua kiberiti, kwa kuwa huko kila Mchagga mwenye duka ni Mangi. Siku nikikosa chenji, cheo hicho kinaondoka papo hapo.” Watu wakacheka, na nikaona yule ndugu mkubwa naye amecheka, ingawa alijificha uso.

Basi wazee wakakata shauri hivi. Jina la Mangi lilikuwa la marehemu, na limezikwa naye. Atakayesuluhisha watu kama yeye, watu watamwita wapendavyo. Mjane atabaki Mama Mangi mpaka atakapokufa, kwani alilipata kwa mumewe na kifo hakikumwondolea. Na mke wa mwana hana haki ya kulichukua mama mkwe angali hai. Ndugu wote wawili ni wana wa Mangi, sawasawa, na hilo halina mkubwa wala mdogo. Mkubwa atasema kwa niaba ya ukoo mbele za watu. Mdogo atakaa na nyumba na mama. Na mfongo ufunguliwe leo hii kabla ya jua kuchwa.

Mkubwa akaondoka bila kusema neno, nasi tukadhani kuwa ameghadhibika. Kumbe alikwenda mpakani mwa kihamba. Akarudi na jani la isale, ambalo kwa Wachagga ni alama ya kuomba msamaha, na aliyeletewa haimpasi kulikataa. Hakumpa ndugu yake kwanza; alimpa mama yake, kwa mikono miwili. Yule mama akalipokea, akalishika kwa muda, kisha akamwita yule mdogo naye aje alishike. Jioni ile akala chakula, na kilipikwa katika nyumba zote mbili.

Enyi vijana, mkisikia leo kuwa fulani amevikwa taji au amevua, fahamuni kuwa majina hayo yana mlango wa kuingia na mlango wa kutoka. Lililoingia kwa ndoa laweza kutoka kwa talaka, lililoingia kwa kura laweza kutoka kwa kura, na lililoingia kwa bunduki laweza kutoka kwa bunduki. Bali bin fulani na bint fulani huingia nalo mtu duniani na hutoka nalo. Na yule mzee wa Uru hakuwa na taji, wala hapana askari aliyempigia saluti. Lakini siku ya maziko yake njia yetu ya mlimani ilijaa watu mpaka ng'ambo ya korongo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuacha jina jema, na atuepushe na kugombana juu ya jina tupu.

Wabillahi Tawfiq.